Skrini mbili kwenye Linux: dirisha likipotea, likihama au likigoma kukaa ulipoliweka

Anayetumia Linux kwa skrini mbili atakutana na vituko vilevile, awe na Ubuntu, Mint au Fedora. Programu imefunguka lakini dirisha lake halionekani. Monita imezimika kidogo na kila kitu kimekimbilia skrini ndogo ya laptopu. Slaidi zimebaki kwa mzungumzaji, na maelezo yake ya siri yako ukutani mbele ya watu. Kishale kinagonga ukuta usioonekana katikati ya skrini.

Tiba zipo, na nyingi ni za mstari mmoja. Kinachowachosha watu ni kunakili tiba ya mtu mwingine kabla ya kujua, kwenye mashine yao, ni nani hasa anayepanga madirisha. Mazingira ya eneo-kazi ya Linux ni mengi: GNOME, KDE Plasma, Cinnamon, Xfce. Amri iliyomsaidia mwenye Xfce haifui dafu kwa mwenye GNOME ya leo, na mara nyingi haitoi hata neno la kusema imeshindwa. Ndiyo maana tunaanzia huko, kisha twende kwenye ramani ya skrini, na madirisha yenyewe yaje baadaye.

1. Jua uko kwenye X11 au Wayland

Fungua terminali uandike:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Jibu litakuwa `x11` au `wayland`. X11 ni mfumo wa mwaka 1987. Kwake, skrini zako zote ni turubai moja kubwa, na programu yoyote inaweza kuomba kukaa nukta yoyote ya turubai hiyo, hata kusogeza dirisha la mwenzake. Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, imefunga mlango huo. Programu haiambiwi dirisha lake limekaa wapi. Anayejua na kuamua ni kompozita, yaani Mutter kwa watumiaji wa GNOME na KWin kwa watumiaji wa KDE Plasma.

Kutokana na hilo, kwenye Wayland programu nyingi hufunguka mahali tofauti na zilipofungwa jana, na vifaa vya zamani vya kusogeza madirisha kama `wmctrl` na `xdotool` havigusi madirisha ya Wayland. `xrandr`, amri ya X11 ya kupanga skrini, nayo itakuonyesha orodha ya skrini, lakini haina mamlaka ya kuzipanga.

Linux Mint yenye Cinnamon na mifumo mingi ya Xfce bado huanzia X11. Ubuntu imekuwa ikianzia Wayland kwa miaka kadhaa, na toleo la 25.10 limeondoa kabisa kikao cha GNOME cha X11. Kwenye matoleo ambayo bado yana vyote viwili, unachagua kwenye skrini ya kuingilia: bofya jina lako, halafu ile alama ya gurudumu la meno iliyo pembeni chini, kabla ya kuandika nywila.

2. Hakikisha mfumo unaiona monita

Amri hii inafanya kazi kote, X11 na Wayland, kwa sababu inauliza kerneli, yaani kiini cha mfumo, moja kwa moja:

`grep . /sys/class/drm/card*-*/status`

Kila tundu la video litajibu `connected` au `disconnected`. Kama tundu la monita yako linasema `disconnected`, acha mipangilio ya madirisha kwanza. Badilisha kebo, jaribu tundu jingine, angalia kama monita yenyewe imechaguliwa isome tundu sahihi. Kwenye laptopu zenye kadi ya NVIDIA pamoja na ya Intel, mara nyingi tundu la HDMI limeunganishwa kwa NVIDIA. Ukiwa kwenye Ubuntu, andika `prime-select query`. Likirudi neno `intel`, NVIDIA imezimwa na tundu hilo huenda limezimwa nayo. `sudo prime-select on-demand` kisha kuwasha upya huwa kunatosha.

Monita za mtumba zinazotumia VGA, au zilizopitia adapta ya bei rahisi, zina ugonjwa wao: zinaonekana, ila zinakataa kuzidi 1024x768. Hapo kompyuta imeshindwa kusoma kitambulisho cha monita, kile kinachoitwa EDID, ikaamua kukisia. Kwenye X11 unaweza kuiandikia rezolusheni mwenyewe. `cvt 1920 1080 60` itakupa mstari mrefu wa namba, nawe unaupeleka hivi, ukibadilisha VGA-1 kwa jina la tundu lako:

```
xrandr --newmode "1920x1080_60.00" 173.00 1920 2048 2248 2576 1080 1083 1088 1120 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 "1920x1080_60.00"
xrandr --output VGA-1 --mode "1920x1080_60.00"
```

Ila kama una uwezo wa kununua kebo nzuri zaidi, nunua kebo.

3. Chora ramani inayofanana na meza yako

Hapa ndipo penye asili ya matatizo mengi. Chukua mfano ulio kwenye ofisi nyingi: laptopu ya 1366x768 na monita ya nje ya 1920x1080 upande wake wa kulia. Kwenye X11, `xrandr --query` itatoa mistari ya namna hii:

```
Screen 0: minimum 320 x 200, current 3286 x 1080, maximum 16384 x 16384
eDP-1 connected primary 1366x768+0+0
HDMI-1 connected 1920x1080+1366+0
```

Soma namba za mwisho. Laptopu inaanzia nukta 0,0, ambayo ni pembe ya juu kushoto. Monita inaanzia pikseli ya 1366 kwenda kulia, na 0 kwenda chini. Kwa hiyo zimelinganishwa kwa juu. Turubai nzima ni 3286 kwa 1080, lakini laptopu ina urefu wa 768 tu, na chini yake kuna kipande cha pikseli 312 ambacho hakuna skrini inayokionyesha.

Kipande hicho ndicho ule ukuta usioonekana. Kishale kikiwa sehemu ya chini ya monita, ukakivuta kushoto, kinagoma, maana upande wa pili hakuna kitu. Kwenye X11, programu yenye kumbukumbu mbaya inaweza hata kufungua dirisha ndani ya kipande hicho, na wewe ukatafuta mpaka uchoke.

Angalia sasa vilivyokaa mezani kwako. Kwa kawaida laptopu iko chini na monita imeinuka kwa mguu wake, kwa hiyo kingo za chini ndizo zinazokaribiana. Linganisha ramani kwa chini pia. Tofauti ni 1080 kutoa 768, yaani 312:

```
xrandr --output HDMI-1 --mode 1920x1080 --pos 1366x0 --output eDP-1 --primary --mode 1366x768 --pos 0x312
```

Kama monita iko juu ya laptopu, iweke monita 0x0 na laptopu 277x1080, ili laptopu ikae katikati chini yake. Namba 277 ni nusu ya tofauti ya upana wa skrini hizo mbili.

Kwenye GNOME huhitaji hesabu. Fungua Settings, ingia Displays, uvute vile viboksi viwili vya skrini mpaka vifanane na meza yako, bonyeza Apply kisha Keep Changes. Viboksi lazima vigusane. GNOME haikubali pengo kati yake. Watu wengi huvuta kiboksi kushoto au kulia tu, wakasahau kwamba kinasogea pia juu na chini.

Kwenye KDE Plasma kuna ukurasa kama huo, na kwa wapenda terminali kuna `kscreen-doctor -o` ya kuorodhesha skrini, kisha:

`kscreen-doctor output.eDP-1.position.0,312 output.HDMI-A-1.position.1366,0`

Namba hizo ni za skrini ambazo hazijakuzwa, yaani zote ziko asilimia 100. Zingatia pia kwamba tundu lililoitwa HDMI-1 kwenye X11 huitwa HDMI-A-1 kwenye Wayland, na draiva ya NVIDIA kwenye X11 hupenda kuliita HDMI-0. Usinakili jina la mtu. Soma la kwako.

Chagua na skrini kuu. Ndiyo inayobeba upau wa juu wa GNOME. Paneli usiiweke kwenye mpaka wa ndani unaotenganisha skrini mbili, hasa kwenye Xfce. Dirisha likipanuliwa lote linaifunika paneli hiyo, maana nafasi ya paneli hulindwa kwenye kingo za nje.

Kuhusu ukuzaji: kama skrini moja ni ya 4K na nyingine ya kawaida, X11 itakusumbua tu, kwa sababu programu zake nyingi hutumia kipimo kimoja kwa skrini zote. Dirisha litakuwa kubwa kama bango huku na dogo kama chungu kule. Hamia Wayland, ambako kila skrini ina kipimo chake. Programu za zamani zinazopitia Xwayland, daraja la kuendesha programu za X11 ndani ya Wayland, zinaweza kuonekana na ukungu kidogo. Hiyo ndiyo gharama yake.

4. Dirisha limepotea, lirudishe

Anza na njia ya haraka. Chagua programu kwa Alt+Tab, hata kama huoni dirisha lake, halafu bonyeza Super (kitufe chenye alama ya Windows)+Shift+mshale wa kushoto au kulia. Kwenye GNOME, KDE na Cinnamon hiyo hulihamishia dirisha skrini ya pili. Xfce ina kitendo hichohicho, ila wewe ndiye unayekipa vitufe kwenye mipangilio ya Window Manager, sehemu ya Keyboard.

Likigoma, kwenye GNOME bonyeza Alt+F7. Sasa bonyeza mshale wowote wa kibodi mara moja, kisha sogeza kipanya bila kubofya. Dirisha litanasa kwenye kishale na kuingia nacho kwenye skrini, bofya ulipopataka. Ule mshale wa kibodi usiuruke, ndio unaolinasisha dirisha. Kama lilikuwa limepanuliwa lote, bonyeza Super+mshale wa chini kwanza. Kwenye KDE unapata Move kwenye menyu ya Alt+F3.

Kwenye X11 kuna njia ya uhakika. Sakinisha `wmctrl` kisha uombe orodha pamoja na vipimo:

`wmctrl -lG`

Utaona mstari kama huu:

`0x03c00007  0  2140  188  1024  700  mezani  Hesabu.ods - LibreOffice Calc`

Baada ya namba ya dirisha na ya nafasi ya kazi, 2140 ni umbali wake kutoka kushoto na 188 kutoka juu. Kama kwa wakati huo una laptopu peke yake, yenye upana wa 1366, faili la hesabu limekaa kwenye monita ambayo haipo. Livue upanuzi, kisha lipe mahali na ukubwa:

```
wmctrl -i -r 0x03c00007 -b remove,maximized_vert,maximized_horz
wmctrl -i -r 0x03c00007 -e 0,60,60,1000,640
```

Ule mstari wa kwanza watu huuacha, wakashangaa wa pili unapita kimya bila dirisha kutikisika. Na kama namba baada ya kitambulisho si ya nafasi ya kazi uliyopo, dirisha halijapotea kamwe, liko chumba kingine: `wmctrl -R Hesabu` italileta hapo ulipo.

5. Umeme ukikatika, au kebo ikichomoka

Laptopu ina betri, monita haina. Umeme ukienda, kinachotokea kinategemea kebo, na tabia mbili zinazopatikana ni kinyume kabisa.

Ukitumia DisplayPort, mara nyingi monita iliyozimika huhesabiwa imechomolewa. Mfumo unakusanya madirisha yote kwenye laptopu, na umeme ukirudi hayarudi yote kwa utaratibu uliokuwapo. Monita nyingine hufanya hivyo hata zikilala zenyewe. Tafuta kwenye menyu ya monita kipengele cha usingizi mzito wa DisplayPort, ukizime kama kipo.

Ukitumia HDMI, kebo yenyewe hubeba volti 5 kutoka kwenye kompyuta, nazo zinaweza kutosha kuendelea kuisoma EDID hata monita ikiwa haina umeme. Kompyuta inaamini monita ipo. Madirisha yanabaki kwenye skrini nyeusi, na kishale chako kinazurura humo. Bonyeza Super+P kwenye GNOME au KDE, uchague skrini ya laptopu peke yake. Kwenye X11, tengeneza mapema njia ya mkato ya kibodi inayoita:

`xrandr --output HDMI-1 --off --output eDP-1 --auto --primary`

Ifanye kabla ya siku ya giza, kwa sababu siku hiyo terminali yenyewe inaweza kufunguka kwenye skrini usiyoiona.

Kwa anayehama kati ya nyumbani na ofisini kwa kikao cha X11, `autorandr` ni zana nzuri mno. Panga skrini za mezani upendavyo, andika `autorandr --save mezani`. Chomoa monita, andika `autorandr --save peke`. Baada ya hapo `autorandr --change` inasoma EDID za monita zilizopo na kuchagua ramani inayofaa. Haikumbuki madirisha, inakumbuka skrini tu. Ila ramani ikirudi sahihi, nusu ya vurugu imekwisha. Kwenye Sway, kipanga madirisha cha Wayland, na wenzake kazi hiyo hufanywa na `kanshi`. GNOME hukumbuka yenyewe kila kundi la monita kwenye faili la `~/.config/monitors.xml`. Faili hilo likichafuka, dalili yake ni mpangilio wa ajabu unaorudi kila unapoingia hata ukiurekebisha. Libadilishe jina, toka, ingia tena, upange upya:

`mv ~/.config/monitors.xml ~/.config/monitors.xml.zamani`

Wenye Xfce wasiweke amri za `xrandr` kwenye `~/.xprofile` huku wamehifadhi mpangilio mwingine kwenye Display. Xfce itapitisha wa kwake baadaye na kufuta wa faili. Chagua njia moja.

Kufunga kifuniko cha laptopu ni suala dogo. Kwa kawaida systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, haiilazi mashine kifuniko kikifungwa ilhali kuna skrini zaidi ya moja. Ikilala, fungua `/etc/systemd/logind.conf` uandike `HandleLidSwitchDocked=ignore`, kisha uwashe upya.

6. Liambie dirisha likae wapi

KDE inaongoza hapa kwa mbali, na sioni haya kusema hivyo. Bofya kulia kwenye kichwa cha dirisha, ingia More Actions, halafu Configure Special Application Settings. Ongeza sifa ya Screen na uchague skrini. Ukiweka Apply Initially, dirisha litaanzia hapo lakini utaweza kulihamisha. Ukiweka Force, halihami hata ulivute. Anza na ya kwanza. Kanuni hizi zinafanya kazi hata kwenye Wayland, kwa sababu anayezitekeleza ni KWin mwenyewe.

Kwenye GNOME utapata kidogo. Dirisha jipya hufuata skrini ilipo kishale, kwa hiyo zoea kupeleka kishale kwanza ndipo ufungue programu. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ukibadili nafasi ya kazi, skrini kuu peke yake ndiyo inayobadilika. Ya pili inabaki vilevile. Wapo wanaoipenda tabia hiyo, wakaacha muziki au gumzo pale daima. Kama huitaki:

`gsettings set org.gnome.mutter workspaces-only-on-primary false`

Kwenye Xfce, ingia Window Manager Tweaks, sehemu ya Placement, uchague madirisha yafunguke chini ya kishale. Kwa wenye i3 (ndugu wa Sway wa upande wa X11) au Sway, mistari kama `workspace 1 output eDP-1` na `workspace 2 output HDMI-A-1` ndani ya faili la mipangilio inamaliza mjadala.

Mchezo wa skrini nzima unaojikunja kila ukibofya skrini ya pili, mwingi wao hutumia maktaba ya SDL. Uanzishe ukiwa na `SDL_VIDEO_MINIMIZE_ON_FOCUS_LOSS=0` mbele ya amri yake. Skrini ya kugusa ambayo kidole kikigusa laptopu mguso unatokea kwenye monita, kwenye X11 inatibiwa kwa `xinput list`, kisha `xinput map-to-output` pamoja na namba ya kifaa na jina la skrini.

7. Slaidi ukutani, maelezo kwako

Kwenye LibreOffice Impress, fungua Slide Show, kisha Slide Show Settings, na kwenye Presentation display uchague projekta. Hakikisha kabla ya hapo kwamba skrini zimepanuliwa, hazirudufishani. Zikiwa zinarudufishana, mfumo unahesabu skrini moja tu na Impress haina pa kuweka maelezo yako. Umeshaanza na zimepishana? Kwenye dirisha la mzungumzaji kuna kitufe cha Exchange kinachozibadilishana palepale, bila kusimamisha onyesho.

8. Skrini ya kuingilia ina ramani yake

Umepanga kila kitu, lakini mahali pa kuandika nywila bado panatokea kwenye skrini usiyoitaka, au skrini imelala ubavu. Programu ya kuingilia huendeshwa na mtumiaji mwingine ambaye hajui mpangilio wako. Kwenye Ubuntu 24.04 mpe nakala:

```
sudo mkdir -p /var/lib/gdm3/.config
sudo cp ~/.config/monitors.xml /var/lib/gdm3/.config/
sudo chown -R gdm:gdm /var/lib/gdm3/.config
```

Wanaotumia LightDM, programu nyingine ya kuingilia, kama wenye Mint, waweke amri yao ya `xrandr` kwenye skripti ndogo, waipe ruhusa ya kutekelezwa kwa `chmod +x`, kisha waitaje kwa `display-setup-script=` chini ya `[Seat:*]` ndani ya `/etc/lightdm/lightdm.conf`. Ijaribu skripti hiyo kwa mkono kwanza. Ikiwa na kosa, LightDM inaweza kukataa kufunguka, na utalazimika kuingia kwa Ctrl+Alt+F3 kwenda kuufuta mstari huo.